Kontrola ya Baiskeli ya Umeme

Kontrola ni ala ipokeayo umeme wa betri na kuugawa kwa zamu katika nyaya tatu nene za mota isiyo na brashi, kwa kutii amri ya mkono wa mwendo na ya breki; na ijapokuwa kwa umbo ni kisanduku kidogo cha aluminiamu, ndiyo ishikayo salama ya mota, ya betri, na ya mpandaji mwenyewe. Ndani yake mna transista za nguvu, aghalabu 6, 9 au 12, kapasita, na kompyuta ndogo iamuayo ni transista ipi ifunguke na kwa muda gani.

Kuunganisha

Waya tatu nene, kwa desturi za njano, kijani na buluu, huenda kwenye mota. Pamoja nazo huenda waya tano nyembamba za sensa za Hall, mbili zikiwa za kulisha sensa kwa volti 5 na tatu za kuarifu mahali ilipo rota. Rangi hizi hazina mkataba baina ya watengenezaji, na fundi azifuataye kama sheria hujiingiza katika hatari, kwani namna za kupangisha waya nene na zile tatu za sensa ni 36, na kati ya hizo ni 6 tu ziizungushazo mota kwa ulaini, nusu kwenda mbele na nusu kurudi nyuma; nyingine humfanya fundi asikie mngurumo na kuona gurudumu likitetemeka, huku umeme mwingi ukiliwa bure na transista zikiungua. Kwa hiyo jaribio la kwanza hufanywa gurudumu likiwa limeinuliwa, fyuzi ikiwa mahali pake, na kiwango cha ampea kikiwa kimeteremshwa sana.

Betri huunganishwa mwisho wa yote, baada ya chanya na hasi kuthibitishwa kwa mita, maana zikigeuzwa umeme hupita moja kwa moja katika transista na kuziangamiza kwa dakika hiyo hiyo. Fauka ya hayo, kapasita tupu huvuta umeme kwa ghafla hata cheche ikala ncha za plagi. Dawa yake ni kuzijaza kwanza kupitia kipingamizi cha omu 100 hivi. Betri ikishatolewa, kapasita hubaki na umeme kwa muda, na mkono usiharakishe kugusa.

Kupanga programu

Nakala ya mipango ya awali huhifadhiwa kabla ya kubadili lolote, na kompyuta ya fundi atumiayo kupangia yafaa itumie betri yake yenyewe, isichomekwe ukutani. Ampea za betri na ampea za mota ni vipimo viwili mbalimbali: za kwanza zisizidi idhini ya betri, za pili zisizidi ustahimilivu wa mota. Betri ya volti 36 yenye seli 10 za lithiamu hujaa kwa volti 42, na ile ya seli 13 kwa volti 54.6, kikomo cha chini kikiwekwa volti 3 kwa kila seli, huwa 30 na 39. Breki irudishayo umeme isitumike betri ikiwa imejaa, kwani ulinzi wa betri ukikata ghafla, volti hupanda na kuvunja transista. Mkono wa mwendo nao sharti uwekewe mipaka, ili waya wake ukikatika na ishara ikaruka kufikia volti 5, kontrola itambue kasoro na kusimamisha mota, isije ikadhani imeamriwa mwendo kamili.

Mswidi Benjamin Vedder ndiye aliyeitangaza kontrola ya VESC, yenye michoro na programu zilizo wazi kwa watu wote. Huyapima yenyewe maumbile ya mota kabla ya kuiendesha, fadhila kubwa kwa mafundi.

Sheria

Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme isiyohitaji leseni huwekewa kikomo cha wati 250 na msaada wa mota hukoma kwenye kilomita 25 kwa saa.

Afrika Mashariki

Kontrola za jinsi hii hutumika pia katika pikipiki za umeme za Nairobi na Kigali.