Kufuatilia asili ya ukoo Kigoma: Vitabu vya ubatizo hujibu pale sensa inaponyamaza

KWA familia nyingi za Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, swali la mahali alipozaliwa babu haliulizwi kwa udadisi tu. Sheria ya uraia ya Tanganyika ya mwaka 1961 ilimtambua kuwa raia mtu aliyezaliwa nchini ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini. Ndiyo maana, katika mkoa unaopakana na Burundi na kutazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, mahali alipozaliwa mtu aliyekwisha kufariki panaweza kuulizwa leo mjukuu wake anapotakiwa kuthibitisha uraia.

Wengi hudhani kuwa hakuna maandishi yoyote yanayoweza kuwasaidia. Maandishi yapo, isipokuwa yametawanyika kutoka parokia za mwambao hadi Dar es Salaam, Roma, London na Brussels, na kila karatasi iliandikwa kwa shabaha ya mwandishi wake. Anayezitafuta hana budi kujua kwanza nani aliandika nini, na kwa sababu gani.

Kwa kulinganisha, Norway ni miongoni mwa nchi ambazo kazi hii ni rahisi zaidi. Sensa za nchi hiyo za mwaka 1801, 1865, 1900 na 1910 ziliandika jina la kila mkazi, na kuanzia 1865 ziliandika pia mahali alipozaliwa. Zikisomwa pamoja na vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya makanisa ya Kilutheri, humwezesha Mmarekani ambaye mababu zake walihama karne ya 19 kuufikia hata mji wa shamba walikotoka. Nyaraka hizo zimewekwa kwenye intaneti bila malipo, na sensa hufunguliwa baada ya miaka 100.

Sensa za Tanzania hazitoi msaada wa namna hiyo. Taarifa zilizochapishwa za sensa za mwaka 1948, 1957 na 1967 zinaonyesha idadi ya watu kwa wilaya na kabila, bila majina. Ile ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila na dini. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu Mkoa wa Kigoma kuwa na watu 2,470,967, lakini sheria ya takwimu hairuhusu habari za mtu binafsi kutolewa. Sensa humwambia msomaji watu walikuwa wangapi. Babu yake alikuwa nani haisemi.

Vitabu vya parokia

Chanzo kikubwa zaidi cha majina katika mwambao huu ni vitabu vya Kanisa Katoliki. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1885 walikabidhiwa ngome ya Karema, iliyoko kusini zaidi katika mwambao huohuo, ambayo leo imo Mkoa wa Katavi.

Mapadri hao waliwakomboa watoto wengi kwa kuwanunua kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa, wakawalea katika misheni zao za pande zote mbili za ziwa. Hivyo basi, mtu aliyebatizwa Karema huenda alizaliwa Manyema, Urua au kwingineko mbali. Mfano unaojulikana sana ni wa Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta na kufika Karema mwaka 1889. Aliwatibu wagonjwa huko hadi alipofariki mwaka 1956.

Kitabu cha ubatizo kwa kawaida huonyesha tarehe, jina jipya la mbatizwa, majina ya wazazi, msimamizi na padri aliyebatiza. Vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini: filius ni mtoto wa kiume, filia ni wa kike, na ignoti huashiria kuwa wazazi hawakujulikana. Neno hilo la mwisho ni dalili muhimu, kwani huenda mtoto alitengwa na wazazi wake kabla hajaweza kuwataja. Umri wa waliobatizwa wakiwa wakubwa mara nyingi ni wa kukisia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria ya Kanisa inaagiza ndoa na kipaimara viandikwe pembeni mwa kumbukumbu ya ubatizo, hata kama vilifanyika parokia nyingine. Kwa sababu hiyo mstari mmoja katika kitabu cha kijijini unaweza kuonyesha kwamba mhusika alifunga ndoa Tabora au Dar es Salaam.

Aidha, kila misheni ya Mapadri Weupe ilitakiwa kuandika shajara ya matukio yake. Shajara hizo, ambazo ziliandikwa kwa Kifaransa, zinahifadhiwa makao makuu ya shirika mjini Roma. Barua za Waprotestanti wa London Missionary Society, waliofika Ujiji mwaka 1878, ziko London.

Serikali tatu za kigeni

Wajerumani walifungua kituo cha utawala Ujiji mwaka 1896. Katika utawala wao watumwa waliokombolewa au kujikomboa walipewa hati za uhuru, na amri ya mwaka 1904 ilitamka kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Majalada ya Kijerumani yaliyosalia yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kati ya mwaka 1916 na 1921 Kigoma na Ujiji zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, hivyo karatasi za miaka hiyo hutafutwa Brussels. Waingereza waliofuata waliacha vitabu vya wilaya vyenye habari za watemi, koo na mipaka. Hivyo humfaa zaidi mtu ambaye ukoo wake ulikuwa na cheo.

Majina yasipotoshe

Wakazi wengi wa Ujiji ni Waislamu, na kwao nasaba imehifadhiwa zaidi kwa mdomo, kwa mtindo wa "bin" na "binti", pamoja na hati za ndoa, mirathi na mauzo ya viwanja. Wazee waliosoma chuoni huweza kusoma karatasi za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi hizo zisitupwe wala kuchomwa kwa kudhaniwa kuwa hazina maana.

Tahadhari inahitajika katika kuyatafsiri majina. Mabruki, Feruzi na Almasi yalikuwa majina waliyopewa watumwa wengi, lakini waungwana pia waliyatumia, na jina peke yake halithibitishi lolote. Vilevile "Mmanyema" ni jina la jumla lililowakusanya watu wa asili mbalimbali kutoka magharibi ya ziwa. Anayetafuta asili hana budi kuuliza jina la kijiji, mto au mtemi.

Vijiji navyo vilihama. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwaondoa watu wengi katika makazi ya zamani na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa, na baadhi ya majina yaliyomo vitabuni hayamo katika ramani za leo.

Pa kuanzia ni nyumbani: kuwahoji wazee wakiwa bado hai, kuandika jina la ubatizo na la kienyeji la kila aliyetajwa, kisha kukusanya vyeti na risi za kodi. Baada ya hapo ndipo mtu amwendee paroko akiwa na jina, mwaka wa kukadiria na jina la msimamizi. Akienda mikono mitupu atakuta vitabu, lakini hatajua kati ya majina yote yaliyoandikwa humo lipi ni la babu yake.