Mimea yenye sumu kwa farasi

Mimea yenye sumu kwa farasi ni ile ambayo majani, mbegu au maganda yake humdhuru mnyama huyo au kumuua anapoila. Farasi hana uwezo wa kutapika: msuli ulio kwenye mlango wa tumbo lake hukaza mno, hata kilichokwisha kushuka hakirudi. Kinga yake ni ulimi, kwani mimea mingi ya sumu ni michungu na huiacha malishoni.

Kinga hiyo hupotea mmea unapokauka. *Jacobaea vulgaris*, gugu la maua ya njano lililoenea Ulaya, mara nyingi huachwa limesimama katikati ya nyasi zilizoliwa hadi chini. Likikatwa na kufungwa pamoja na nyasi kavu, uchungu hupungua ilhali sumu yake, alkaloidi za pirolizidini, hubaki. Sumu hiyo hula ini polepole. Kukonda, fizi kuwa za manjano na kutangatanga huonekana baada ya wiki au miezi, ini likiwa limekwisha kuharibika. Uingereza ilililenga gugu hili katika Sheria ya Magugu ya 1959, kisha ikalitungia sheria yake mwaka 2003.

Mti wa *Acer rubrum*, wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, huua kwa majani yaliyonyauka. Huvunja seli nyekundu za damu, na mkojo hugeuka kahawia. Tawi lililoangushwa na dhoruba ndani ya uzio linatosha kuleta msiba.

Oleanda (*Nerium oleander*), ua la bustani katika nchi nyingi za joto, hushambulia moyo, likiwa bichi au kavu.

Si kila mmea wa sumu ni mchungu kwa farasi. Huko California, *Centaurea solstitialis*, mmea wenye miiba na maua ya njano, huliwa kwa hamu. Farasi akiula kwa wiki kadhaa, sehemu ya ubongo hufa; midomo hukakamaa, na mnyama hushindwa kutafuna ingawa ana njaa. Hakuna tiba.

Afrika Mashariki, ambako punda ni wengi kuliko farasi, mti wa kuangaliwa ni mparachichi. Majani yake yana pasini, sumu inayoweza kuvimbisha kichwa na kudhoofisha moyo wa wanyama wote wawili. Mnyama akiwahiwa mapema, daktari wa mifugo humpa mkaa maalumu wa kunyonya sumu tumboni.