Kwani Vita vya Mau Mau Viliisha Lini?

Wasee, shuleni sote tulimeza hii: Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960, uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Andika hivyo kwa mtihani, unapewa alama zako. Mimi nilipata zangu zote na sikuelewa kitu.

Kilichonifungua macho ni riwaya. "A Grain of Wheat" ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka 1967, na hadithi yenyewe ni ya siku chache tu kabla ya sherehe za uhuru, katika kijiji cha Thabai. Lakini hapo ukimgusa mtu kidogo tu, anarudi msituni, ama kizuizini, ama kwa usiku fulani ambao hajawahi kumwambia mtu. Kalenda inasema 1963. Ndani yao bado ni Hali ya Hatari.

Mcheki Gikonyo. Anafungiwa kizuizini miaka sita, na kinachomshikilia ni sura ya mke wake Mumbi, vile alimwacha. Anarudi kupata Mumbi ana mtoto wa Karanja, mwanaume aliyewafanyia wakoloni kazi. Miaka ya Gikonyo ilisimama, ya Mumbi ikaendelea kutembea. Sasa waambie hao wawili vita vimeisha.

Halafu kuna kifo. Kwa Hali ya Hatari, Waingereza walinyonga watu 1,090. Hiyo namba nilikuwa naisoma kama bei ya kitu dukani. Kwa riwaya ananyongwa mmoja, Kihika, na kifo chake hakiishii kwa kamba. Kila asubuhi kinaamka na Mugo, yule aliyemsaliti, huku kijiji kizima kikimwona Mugo shujaa. Ni mpaka siku ya uhuru ndio anasema ukweli mbele ya watu. Nikajiuliza: wale 1,090, kila mmoja aliacha nani nyuma akiamka hivyo?

Na usiseme ni mambo ya kubuni tu. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa huko huko bila alama ya kaburi. Waingereza nao walingoja hadi 2013, miaka 50 baada ya uhuru, ndio wakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa kesi za wazee 5,228. Kwa hao wazee, vita viliisha lini?

Shosho yangu alikuwa mtoto katika vile vijiji vya lazima, vilivyozungushiwa handaki na miiba. Hadi leo, giza likikaribia tu, lazima mlango ufungwe na kila mtu awe ndani. Miaka yote nilidhani ni uzee. Baada ya kusoma hicho kitabu ndio nilimuuliza. Akanijibu neno moja: "Kafyu."

Siku hizi namrekodi kwa simu, dakika kumi kumi, akichoka tunaacha. Ana zaidi ya miaka 80, kwa hivyo sina muda mwingi. Kama una shosho ama guka wa enzi hiyo, usianze na maswali makubwa ya vita. Muulize tu walikuwa wanakula nini, halafu nyamaza usikilize.