Shaka Imwendee Nani? Rufaa za Askari, kutoka London hadi Pwani ya Kudha

Mwaka 1947 kesi ya mjane mmoja wa askari ilifika mbele ya Jaji Alfred Denning jijini London. Mumewe alikuwa amefariki kwa saratani ya koo akiwa bado jeshini. Wizara ya Pensheni ilisema ugonjwa ule haukuletwa na vita, na baraza la rufaa likaiunga mkono.

Hakuna wakili wa Nairobi, Dar es Salaam wala Kampala asiyeijua kesi hiyo ya Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni. Humo Denning alieleza tofauti kati ya kuthibitisha jambo pasipo shaka ya maana, kama kesi za jinai zinavyotaka, na kulithibitisha kwa kuonyesha tu kwamba yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Majaji wetu wanainukuu mpaka leo katika hukumu za mauaji, za mashamba, za ajali za barabarani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ilianzia kwenye madai ya pensheni ya vita.

Nayo madai yale yalikuwa na kanuni iliyowapa nguvu wadai. Kwa amri ya kifalme ya Desemba 1943, askari wa Uingereza hakutakiwa tena kuthibitisha kwamba jeshi ndilo lililomletea ulemavu. Kama alipokelewa mzima na akatoka mgonjwa, serikali ndiyo iliyopaswa kuonyesha kwamba utumishi haukuhusika, na penye shaka ya maana, shaka hiyo ilimfaa askari. Mabaraza mengi hayakuifuata. Denning, aliyekabidhiwa rufaa hizo, aliyasahihisha kesi baada ya kesi, hata mashauri yaliyokwisha kukataliwa kwa kipimo kibaya yakapata njia ya kufunguliwa upya.

Sasa tugeuke tutazame pwani yetu. Kudha iko kati ya Ras Kamboni na Kismayo, kisiwa cha Wabajuni, watu wa bahari na nyavu. Hakuna baraza la pensheni lililowahi kuketi huko. Lakini vita vimepita hapo, na baadhi ya dola zilizopigana eneo hilo zilikuwa na askari waliozungumza Kiswahili.

Kabla ya mwaka 1925 Jubaland ilikuwa mkoa uliotawaliwa kutoka Nairobi, na askari wa King's African Rifles, yaani KAR, walikaa katika ngome za Yonte na Gobwen, karibu na Kismayo. Mwaka huo Uingereza ikaikabidhi Italia nchi ile pamoja na visiwa vyake. Mtu aliyewatumikia Waingereza akalala raia wao akaamka chini ya Roma, na majalada ya utumishi wake yakabaki ng'ambo ya mpaka. Huyo angekata rufaa kwa nani?

Wapagazi wa Vita vya Kwanza ndio walioumia kuliko wote. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo kuwa ndogo mno. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa njaa, na mishahara ya wengi ikabaki bila kulipwa kwa sababu jina liliandikwa vibaya au kijiji hakikujulikana. Oscar Watkins, ofisa aliyekiongoza kikosi hicho, alipigania baada ya vita fedha ile iwafikie wenyewe au jamaa zao. Serikali ilikataa. Iliwachukua watu vijijini bila kuandika vizuri wanatoka wapi, kisha ikatumia uzembe huohuo kuwanyima haki yao. Hilo halina udhuru.

Upande wa Wajerumani hadithi ni nyingine. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake Abercorn, Novemba 1918, askari wake Waafrika walipewa hati za mshahara waliokuwa wakidai. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kulipa. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa bado na hati zao. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Mjerumani aliyeleta fedha akampa kila mmoja ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani: bega silaha, teremsha silaha. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Mimi naona ndani yake hekima ya sheria. Yule mtu wa fedha alijua kwamba karatasi haikai miaka 46 katika nyumba ya udongo, akatafuta ushahidi mahali ulipobaki, yaani mwilini mwa askari mwenyewe.

Vita vya Pili vilirudi Kismayo. Mji ulitekwa tarehe 14 Februari 1941 na majeshi ya Jenerali Alan Cunningham, na batalioni za KAR zilikuwamo. Amani ilipopatikana, kiinua mgongo kilipimwa kwa cheo na kwa rangi. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari mweupe alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Wabunge kadhaa wa Uingereza wakataka uchunguzi ufanywe na wazee waombwe radhi. Lakini rufaa husahihisha uamuzi uliokosea kanuni. Hapa kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa dhuluma, na mzee aliyelipwa theluthi alikuwa amelipwa sawasawa kwa mujibu wa karatasi.

Oktoba 2011 Jeshi la Ulinzi la Kenya lilivuka mpaka, na mwishoni mwa Septemba 2012 likaingia Kismayo. Mwaka huohuo lilikuwa limejiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Chini ya kikosi hicho, fidia ya askari aliyeuawa ilikuwa dola 50,000 za Marekani, na ya mlemavu ilipimwa kwa kiwango cha ulemavu wake. Fedha zilipitia serikali iliyomtuma kabla ya kuifikia familia. Baada ya mashambulizi dhidi ya kambi zake za El Adde, Januari 2016, na Kolbiyow, Januari 2017, familia nyingi za Kenya ziliingia katika njia hiyo ndefu: cheti cha kifo, uthibitisho wa warithi, sahihi za ofisi. Askari wa Kenya asiyeridhika anaweza kufungua shauri mahakamani, na huko, bila shaka, wakili wa upande mmoja au mwingine atamnukuu Denning.

Wapiganaji wa Jubaland waliopigana pembeni mwa askari wa Kenya hawakuwa sehemu ya kikosi cha Umoja wa Afrika. Fidia ile haikuwahusu. Aliyepoteza mguu katika mapigano ya ukanda wa Kudha na Ras Kamboni hana bodi ya madaktari ya kumpima, wala baraza la kumsikiliza.

Kazi inayoweza kuanza sasa haihitaji bunge wala wafadhili. Ni daftari: jina la mtu na la baba yake na babu yake, kisiwa au kijiji alikotoka, kamanda aliyemtumikia, siku na mahali alipojeruhiwa, mashahidi wawili walio hai. Watkins alikosa habari za aina hiyo, na wapagazi wake wakakosa mishahara. Waliopigana Kudha wengi wao wangali vijana, na makamanda wao wanajulikana. Utawala wa Kismayo uiandike orodha hiyo mwaka huu, kabla mashahidi hawajatawanyika Mombasa, Yemen na Ulaya.