Kupanda na Kushuka kwa Mzamiaji, Hadi Eldoret

Huku Eldoret ninakoishi, vijana wanaoteremka Diani au Watamu wakati wa likizo kuzamia kwa mtungi huniuliza swali moja. Mvuvi wa pweza huzama na kuibuka mara nyingi asubuhi moja na anarudi nyumbani mzima. Mbona mwalimu wa uzamiaji anakataza kupanda na kushuka hata mara tatu?

Tofauti iko kwenye hewa. Mvuvi hushuka na pumzi moja aliyoivuta juu, na mara nyingi maji yake si marefu. Mwenye mtungi huvuta hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Kwenye mita 20, kila pumzi ina naitrojeni mara tatu ya ile ya ufukweni, nayo huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili. Akipanda polepole, hutoka kupitia mapafu. Akipanda haraka, hugeuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. (Mvuvi naye hana kinga kamili: wazamiaji lulu wa visiwa vya Tuamotu, Pasifiki, waliozama maji marefu siku nzima kwa pumzi tu, walipata kizunguzungu na kupooza. Wenyewe waliuita ugonjwa huo taravana.)

Hata upandaji mzuri huweza kuacha vipovu kwenye mishipa inayorudisha damu moyoni, na mapafu huvichuja. Ukishuka tena mapema, maji huvibana vikawa vidogo zaidi, vikaweza kupenya kichujio hicho na kuelekea kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ukipanda mara ya pili, vinavimba huko huko. Kompyuta ya mkononi hukokotoa gesi iliyoyeyuka. Mapovu yenyewe haiyaoni.

Kuna na hatari ya mapafu kupasuka. Kutoka mita 30 hadi 20, hewa iliyo kifuani hutanuka kwa theluthi moja. Kutoka mita 10 hadi juu, hutanuka maradufu. Na hapo juu ndipo watu huchezea: kuibuka kutafuta mashua, kumrudia mwenzake aliyebaki, kushuka tena kunasua nanga. Nanga ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ni kazi ya nguvu anayopewa mtu ambaye mwili wake tayari umejaa gesi. Apewe ambaye hajazama siku hiyo, au kamba ikatwe.

Anza na kina kirefu kisha uje juu taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, tulia dakika tatu kwenye mita 5. Ukishaibuka, umeibuka. Gari lililotumbukia Likoni Septemba 29, 2019 liliopolewa Oktoba 11 kutoka mita 58. Kina kama hicho mzamiaji hakishukii na kuibuka kila baada ya nusu saa.

Sasa safari ya kurudi bara. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yake umepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Kwa mwili, kupanda basi kuja huku ni kuendelea kuibuka. Divers Alert Network hushauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka kwa ndege baada ya kuzama mara moja, na saa 18 ukizama mara kadhaa. Abiria wa basi wengi hudhani hayo hayawahusu. Ukitoka majini saa kumi na moja jioni ukaondoka Mombasa saa moja usiku, unaweza kuwa Nairobi kabla saa 12 hazijafika, na Timboroa, iliyo juu kuliko hata Eldoret, kabla ya saa 18. Mimi huwaambia walale Pwani usiku mmoja zaidi, saa 24 kamili.

Maumivu ya viungo, ganzi, miguu kulegea, kizunguzungu, vipele au uchovu usioeleweka baada ya kuzama si mambo ya kusubiri yapite. Mgonjwa alazwe, apewe oksijeni, asirudishwe majini, na asipandishwe bara. Tiba yenyewe ni chumba cha mgandamizo, na kile ambacho wazamiaji wa Pwani wamekijua ni cha Jeshi la Wanamaji, Mtongwe, takriban kilomita 800 kutoka hapa. Ukiugua ukiwa umeshafika huku, mwambie daktari saa uliyotoka majini, kina ulichofika, na mara ngapi ulipanda na kushuka. Usipomwambia, ataanza na kipimo cha malaria.