Nguruwe, siki na pilipili: Chungu cha Wagoa kimetoka mbali

Tarehe 25 Novemba 1510, Siku ya Mtakatifu Katarina, Afonso de Albuquerque aliuteka mji wa Goa, pwani ya magharibi ya India. Alikuwa ameshauteka mapema mwaka huohuo akafurushwa. Safari hii Wareno waling'ang'ania, na hawakuondoka hadi Desemba 1961. Kila mwaka kumbukumbu hiyo ikipita, unabaki mwezi mmoja kufika Krismasi, na ndipo Wagoa Wakatoliki, wawe Panjim, Nairobi, Dar es Salaam au Toronto, wanapoanza kuulizia nyama ya nguruwe yenye mafuta ya kutosha. Wana vyungu viwili vya kuinjika: vindaloo na sorpotel.

Wengi wetu tumeisikia vindaloo ikitajwa kama mchuzi wa kuunguza ulimi, chakula cha vijana kushindana nani atatoa jasho kwanza. Hiyo ni habari ya mahoteli. Vindaloo yenyewe ni chakula cha nyumbani, na historia yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa.

Vindaloo ya nyumbani haina haraka. Pilipili nyekundu kavu za Kashmir, zenye rangi nyingi na ukali wa wastani, hulowekwa kwenye siki, kisha husagwa pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga, karafuu, mdalasini na manjano mpaka rojo liwe zito. Vipande vya nyama hupakwa rojo hilo na kulazwa usiku kucha. Kesho yake hupikwa kwa moto mdogo na maji kidogo, mafuta ya nyama yenyewe yakipanda juu. Mpishi anayejua hatakupakulia siku hiyo. Chungu hufunikwa, hupashwa tena, na siku ya pili au ya tatu ukali wa siki hupungua na viungo huingia ndani ya nyama. Sorpotel ina kazi zaidi: nyama, ini na moyo huchemshwa, hukatwa vidogovidogo, hukaangwa, ndipo hutiwa viungo na siki. Wengine huongeza damu. Huliwa na sanna, ambazo ni mfano wa mkate wa kumimina uliopikwa kwa mvuke, unga wake wa mchele ukiwa umeumuliwa kwa tembo la mnazi.

Asili ya vindaloo ni chakula cha Kireno cha nyama iliyolazwa kwenye mvinyo na kitunguu saumu, ambacho kisiwani Madeira bado hupikwa Krismasi. Goa haikuwa na siki ya zabibu, ila ilikuwa na minazi na wagema, kama pwani yetu, na tembo likiachwa lichache hugeuka siki. Pilipili nyekundu zililetwa na Wareno kutoka Amerika katika karne ya 16. Mwanahistoria wa Uingereza Lizzie Collingham, ambaye kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu historia ya vyakula vya India nimekitegemea sana hapa, anaeleza kwamba watu wa Bombay waliziita pilipili za Goa. Ndugu wa chungu hiki wako kote Wareno walikopita. Malacca, waliyoiteka mwaka 1511, ina feng, chakula cha Krismasi cha nyama na matumbo ya nguruwe, siki na viungo. Brazil ina sarapatel yake.

Lakini nguruwe ndiye mwenye kisa. Goa ya kabla ya Albuquerque ilikuwa nchi ya Wahindu na Waislamu. Kwa Mwislamu nguruwe ni haramu, na Wahindu wa matabaka ya juu hawakumgusa. Ukifika utawala ambao mtu hubatizwa leo na kesho hutazamwa sahani yake, chakula huwa ushahidi. Wareno walikuwa na mazoea hayo kwao. Mwaka 1536, Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi, ilipoanzishwa Ureno, ilitangaza dalili za kumtambua Myahudi aliyejifanya Mkristo. Miongoni mwake ilikuwa kutokula mafuta ya nguruwe, sungura, pweza, mkunga, na samaki asiye na magamba. Aliyemwona jirani yake akivikwepa vyakula hivyo alitakiwa kwenda kusema. Mahakama hiyo ilifika Goa mwaka 1560.

Mtu ambaye kisa chake kinanikaa rohoni ni tabibu Garcia de Orta. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, wakakimbilia Ureno, na huko wakalazimishwa ubatizo mwaka 1497. Mtoto wao akasomea udaktari, akapanda meli, akafika Goa mwaka 1534. Aliwatibu wakubwa wa Kireno, akamtibu pia Sultani wa Ahmadnagar, na kwa miaka karibu 30 akawa anawauliza wafanyabiashara na matabibu wa Kihindu na Kiislamu kila walichojua kuhusu mimea. Mwaka 1563 alichapisha, hapohapo Goa, kitabu cha mazungumzo juu ya dawa na viungo vya India. Karafuu, mdalasini, tangawizi, pilipili manga: viungo vinavyosagwa leo kwa ajili ya vindaloo vimeelezwa humo, vinakotoka, vinavyovunwa na vinavyotibu.

Orta alifariki mwaka 1568 akiwa mtu wa heshima. Haukupita muda, Inkwizisheni ikamgeukia dada yake, Catarina. Alishtakiwa kuwa Myahudi kwa siri, akahukumiwa, na tarehe 25 Oktoba 1569 akachomwa moto mjini Goa akiwa hai. Katika mahojiano ya jamaa ilitajwa kwamba Garcia naye alikuwa ameishika dini ya wazazi wake. Mwaka 1580 kaburi lake lilifukuliwa, mifupa ikatolewa, ikachomwa hadharani. Mtu aliyewafundisha Wazungu viungo vya India aliadhibiwa miaka 12 baada ya kufa.

Katika mji wa namna hiyo, miaka hiyohiyo, nguruwe aliingia katika chungu cha Mgoa Mkristo. Msomi wa Goa A. K. Priolkar, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu Inkwizisheni ya Goa, ameinukuu amri ya mwaka 1736 iliyopiga marufuku mila za Kihindu majumbani. Ilifika hadi kuwakataza Wakristo kupika wali bila chumvi, kwa kuwa Wahindu walipika hivyo. Mahakama ilivunjwa moja kwa moja mwaka 1812.

Naelewa kwa nini Mgoa asingependa habari hii iletwe mezani siku ya Krismasi. Hata hivyo, kuificha ni kuwanyima sifa akina mama waliobeba mzigo wote. Nyama ililetwa na watawala, na kuila kukawa jambo la kupimwa imani. Waliotafuta siki kwenye mnazi, waliopima pilipili, walioigeuza nyama ya kutiliwa shaka kuwa chakula cha harusi na sikukuu, ni wanawake wa vijijini Goa. Kwangu mimi, vindaloo ni mali yao kabla haijawa ya Mreno yeyote.

Waingereza waliionja walipoweka majeshi Goa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, wakaipenda, wakawaajiri wapishi wa Kigoa ambao, kwa kuwa Wakristo, waligusa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe bila kizuizi. Wapishi hao wakajaa katika nyumba za maofisa Bombay na katika meli. Baadaye, huko Uingereza, migahawa ya Kihindi iliendeshwa zaidi na Waislamu wa Sylhet, Bangladesh ya leo. Wao wakamtoa nguruwe, wakatia kuku au kondoo, wakaongeza viazi na kuzidisha pilipili. Dini yao haikuruhusu vinginevyo na siwalaumu. Ila siki iliyopunguzwa na mchuzi ulioiva kwa dakika chache haviwezi kuitwa vindaloo mbele ya mama wa Kigoa.

Huku kwetu Wagoa si wageni. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilipokea amri kutoka Goa. Karne ya 19 walikuja Zanzibar wapiga picha kama A. C. Gomes, mafundi cherehani, waokaji na wapiga ala wa bendi ya Sultani, na Jumapili wakasali katika kanisa la Minara Miwili. Reli ya Uganda ilipoanza mwaka 1896 waliifuata kama makarani. Nairobi ya mwanzo ilimjua Dkt. Rosendo Ribeiro aliyewatembelea wagonjwa akiwa amepanda pundamilia. Mwanasiasa wa Kenya Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965, na Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, aliyezaliwa na baba Mgoa na mama Mmaasai, ni wa jamii hiyo. Kisha ukaja utata wa uraia Kenya, na Uganda amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Waasia, na familia nyingi zikahamia Uingereza na Kanada. Mapishi yakaondoka nao.

Leo kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, inakaangwa kila kona ya Dar es Salaam, ikiletwa na ndizi, kachumbari na ndimu. Tumejenga utamaduni mzima wa nguruwe bila kumuuliza jirani yetu namna ya kuilaza nyama kwenye siki ya mnazi, ilhali minazi tunayo, wagema tunao, na karafuu za Pemba tunazo. Huo ni uzembe wetu.

Wazee wa Kigoa waliobaki Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wanazidi kupungua, na mapishi yao mengi yamo kichwani au katika madaftari ya mkono. Jengo la Nyaraka za Taifa katikati ya Nairobi limehifadhi mkusanyiko wa Murumbi wa sanaa na vitabu, na lina wataalamu wa kutunza karatasi. Mwenye daftari la mama yake alipeleke huko likanakiliwe, na wahifadhi walipokee kama wanavyopokea barua za wanasiasa.