Jeraha la ubongo: Tahadhari kuhusu dawa za usingizi

KUKOSA usingizi, au kulala kupita kiasi, ni miongoni mwa matatizo yanayowatesa zaidi watu waliojeruhiwa ubongo kwa ajali za barabarani, kuanguka au kupigwa kichwani. Takriban nusu yao hukumbwa na tatizo hilo, na baadhi huishi nalo kwa miaka mingi baada ya kidonda cha nje kupona.

Chanzo chake si uvivu wala ukaidi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa kemikali zinazomweka mtu macho. Ikidhurika, mgonjwa husinzia mchana. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, nayo huweza kupungua. Maumivu, hofu na huzuni huzidisha hali hiyo. Wapo pia ambao njia yao ya hewa huziba wakiwa wamelala. Hukoroma, pumzi hukatika na asubuhi huamka wakiwa wamechoka.

Aghalabu jamaa za mgonjwa hukimbilia duka la dawa. Hapo ndipo hatari huanzia. Diazepamu huleta usingizi, lakini hudhoofisha kumbukumbu, humfanya mgonjwa kupepesuka na kuanguka, hupunguza nguvu ya kupumua na, ikitumiwa kwa muda mrefu, huzaa uraibu. Dawa za mzio kama vile Piriton, ambazo baadhi ya watu huzimeza ili walale, huweza kumvuruga akili mtu ambaye ubongo wake tayari una jeraha.

Dawa za kuzuia kifafa, kwa mfano fenitoini na karbamazepini, nazo huleta usingizi wa mchana. Hata hivyo, mgonjwa asiziache ghafla, kwani degedege huweza kumrudia kwa kishindo. Daktari ndiye anayefaa kupunguza kipimo, kubadilisha saa za kumeza au kuchagua dawa nyingine.

Melatonini imeonyesha matumaini. Katika utafiti mdogo wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2018, majeruhi 33 waliripoti usingizi bora walipotumia miligramu 2 kila usiku kwa majuma manne.

Hata hivyo, tiba ya kwanza si vidonge. Mgonjwa alale na kuamka saa zile zile, apate mwanga wa jua asubuhi, na aepuke pombe, miraa, pamoja na chai na kahawa nyakati za jioni. Jamaa wakiandika kila siku saa za kulala na dawa zilizomezwa, daktari atapata picha kamili.

Jambo moja halingoji. Iwapo katika siku za kwanza baada ya ajali mgonjwa atazidi kusinzia, atatapika mara kwa mara, atapata degedege au mboni moja ya jicho itakuwa kubwa kuliko nyingine, huo si usingizi wa kawaida. Huenda damu inavuja ndani ya fuvu, na anapaswa kufikishwa hospitalini mara moja.